Njaa au Kiu? Mwongozo wa Kuendesha Jaribio la Mtama, Rutuba na Ukame Shambani

Mtama wa Dodoma ukidumaa mwezi Februari, majani ya chini yakageuka njano na mvua ikawa haijanyesha kwa siku kumi na mbili, kila apitaye kando ya shamba atasema kwamba jua limeuunguza. Huenda ni kweli. Lakini mmea uliokosa naitrojeni nao huanza kugeuka njano kwenye majani ya chini, na mmea uliokosa fosforasi hushindwa kupeleka mizizi chini kwenye unyevu hata pale unyevu huo ulipo. Kwa hiyo anayetaka kujua kama shamba lake linaumwa njaa au kiu hana budi kuyaweka mambo hayo mawili katika jaribio moja, kwa sababu akiyapima kila moja kivyake atakilaumu kiu kwa kosa la njaa, au kinyume chake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi wa kilimo, afisa ugani au kikundi cha wakulima chenye mtu mmoja anayependa kuandika na kupiga hesabu. Unaeleza jaribio moja tu, kuanzia swali hadi hesabu ya mwisho. Vipimo vyote ni vya kweli na vinaweza kutumika kama vilivyo katika eneo lolote kame la nyanda za kati.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kushika jembe

Swali letu ni hili: je, mbolea inaleta faida kubwa zaidi pale maji ya mvua yanapozuiwa shambani kuliko pale yanapoachwa yatiririke? Jibu halijulikani kabla ya kupima. Kwa upande mmoja, naitrojeni hufika kwenye mzizi ikiwa imeyeyuka katika maji, na mbolea iliyolala kwenye udongo mkavu haina kazi. Kwa upande mwingine, mmea ulioshiba mbolea hutoa majani mapana mapema, majani hayo hunywa akiba ya maji ya udongo haraka, na ukame ukija wakati wa kuchanua mmea huo mnene unaweza kuteseka kuliko jirani yake mwembamba. Nimeona mambo yote mawili katika shamba moja, misimu tofauti.

Ili kulijibu swali, tunachukua namna mbili za kulima na namna tatu za kurutubisha. Namna za kulima ni sesa, yaani kulima bila matuta, na matuta ambayo mifereji yake imefungwa kwa vizuizi vidogo vya udongo ili maji yasimame na kuzama. Namna za kurutubisha ni kutoweka kitu, kuweka samadi, na kuweka mbolea ya viwandani. Mbili mara tatu ni sita, na kila moja kati ya hizo sita itarudiwa mara nne, hivyo tutakuwa na ploti 24, yaani vipande 24 vya shamba vilivyopimwa sawa. Wakulima wa jirani wakiwa wanaberega, yaani wanapanda bila kulima kabisa, basi sesa yako si kilimo chao, na utapaswa kukubaliana nao mapema kama kuberega kuongezwe kuwe namna ya tatu ya kulima. Ukiongeza utakuwa na ploti 36, na kila ploti inataka palizi.

Hatua ya 2: Chagua uwanja, na uwaulize wazee

Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibikia, tena miezi miwili kabla ya mbegu kuingia ardhini. Usitosheke na kuangalia kwa macho mwezi Oktoba wakati kila kitu ni cha kijivu. Keti na wazee wa eneo hilo uwaulize palikuwa na nini miaka ishirini iliyopita: zizi lilikuwa wapi, nyumba ya tembe ilibomolewa wapi, kichuguu kilisawazishwa wapi, ng'ombe walipita wapi kwenda kisimani.

Katika jaribio langu la kwanza sikuuliza. Wiki ya sita ploti moja isiyowekewa chochote ilikuwa ya kijani kibichi kilichokoza, mtama wake umenipita kiuno, huku ploti ya mbolea iliyo kando yake ikiwa imefika gotini. Nililaumu mizani, nikalaumu vijana waliogawa mbolea. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa akipalilia alisimama, akachomeka jembe chini na kusema, bila hata kunitazama, kwamba hapo ndipo mbuzi wa baba mkwe wake walipokuwa wakilala. Samadi ya zizi lililoachwa zamani ilikuwa bado inafanya kazi chini ya miguu yetu.

Baada ya kujua historia, tafuta mahali penye mteremko mdogo na wa aina moja, mbali na miti mikubwa angalau mita 15, kwa kuwa mti hunywa maji na kutia kivuli. Uwanja wa mita 25 kwa mita 45 utatosha kwa ploti 24 na njia zake.

Hatua ya 3: Chukua sampuli za udongo kabla ya kugusa chochote

Tembea kwa mtindo wa zigizaga katika kila bloku (kundi la ploti sita) tutakayoipanga katika Hatua ya 4, uchukue udongo sehemu 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 0 hadi 20, uuchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha utoe nusu kilo. Rudia kwa kina cha sentimita 20 hadi 50, kwa sababu mzizi wa mtama unashuka, na maji yatakayookoa mmea mwezi Machi yako huko chini. Usitumie ndoo iliyobeba mbolea wala ya mabati yenye kutu. Anika udongo kivulini, uuvunjevunje, uupitishe kwenye chekeche ya milimita 2, kisha uufunge pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu huenea ukikutana na unyevu, na sampuli isiyo na jina ni uchafu tu.

Maabara za udongo zipo katika kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) mkoani Tanga na katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Omba vipimo vya pH (kiwango cha tindikali), kaboni ya viumbe hai, naitrojeni yote, fosforasi inayopatikana, potasiamu na uwiano wa mchanga na mfinyanzi. Kuhusu fosforasi, taja njia: Bray 1 hufaa udongo wenye tindikali, ilhali udongo wa alkali wenye pH inayozidi 7 hupimwa kwa njia ya Olsen. Namba za njia hizi mbili hazilinganishwi. pH itakusaidia pia kuchagua mbolea: mawe ya fosfeti yaliyosagwa ya Minjingu, mkoani Manyara, huyeyuka vizuri katika udongo wenye tindikali, na kwenye udongo wa alkali hubaki yakilala tu.

Hatua ya 4: Pima ploti na upige kura

Kila ploti iwe na mistari 6 ya umbali wa sentimita 75, na kila mstari uwe na mashimo 16 ya umbali wa sentimita 30. Hivyo upana ni mita 4.5, urefu ni mita 4.8, eneo ni mita za mraba 21.6, na mashimo ni 96. Acha njia ya mita 1.5 kati ya ploti na ploti, na kila ploti izungushiwe tuta la udongo, kwa kuwa maji yanayotoka kwenye sesa yakimwagikia kwenye matuta ya jirani utakuwa umepima mafuriko.

Gawa uwanja katika bloku nne zenye ploti sita kila moja. Bloku zilale kukingama mteremko, bloku ya kwanza juu na ya nne chini, ili ploti zote sita za bloku moja ziwe katika usawa mmoja wa ardhi. Tofauti ya rutuba na unyevu kati ya juu na chini itakuwa kati ya bloku na bloku, na hesabu itaiondoa.

Sasa andika majina ya hali sita kwenye vikaratasi, vikunje, vitie kwenye kofia, na uchomoe kimoja kimoja kwa kila bloku. Rudia kura upya kwa bloku inayofuata. Wengine huona aibu kupiga kura na hupanga wenyewe "kwa mchanganyiko mzuri", na mara nyingi mkono wao huipeleka ploti wanayoitarajia kwenye ardhi nzuri. Kule Rothamsted, Uingereza, jaribio la ngano la Broadbalk lilianza mwaka 1843, lakini kupanga ploti kwa kura kulipata msingi wake baada ya mwanatakwimu Ronald Fisher kuajiriwa huko mwaka 1919. Mtu mwenye kofia na vikaratasi vichache anaweza leo kuliepuka kosa ambalo wataalamu waliishi nalo kwa miongo kadhaa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mbolea, kisha uipige tena

Kwa ploti za mbolea ya viwandani tunataka kilo 60 za naitrojeni kwa hekta na kilo 20 za fosforasi kwa hekta. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo 60 gawanya kwa 0.46 ni kilo 130.4 za urea kwa hekta. Ploti ya mita za mraba 21.6 ni sehemu 0.00216 ya hekta, na hivyo inahitaji gramu 282.

Kwenye fosforasi kuna mtego. Mfuko wa TSP, mbolea tutakayotumia kuleta fosforasi, umeandikwa asilimia 46, lakini hiyo ni asilimia ya P2O5, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, na wala si ya fosforasi yenyewe. Zidisha kwa 0.436 upate asilimia 20 ya fosforasi. Kilo 20 za fosforasi zinahitaji kilo 100 za TSP kwa hekta, sawa na gramu 216 kwa ploti. Anayesahau hatua hii ataweka chini ya nusu ya alichokusudia, na katika ripoti ataandika kwamba fosforasi haikusaidia.

Kwa ploti za samadi tunaweka tani 5 kavu kwa hekta, yaani kilo 10.8 kavu kwa ploti. Samadi ya zizini haiwi kavu. Pima gramu 100, uikaushe, uone imebaki ngapi. Ikibaki gramu 60, basi kila ploti ipewe kilo 18 za samadi mbichi. Peleka sampuli yake maabara pia: samadi yenye asilimia 1.5 ya naitrojeni katika tani 5 inabeba kilo 75, lakini nyingi haitaachiliwa msimu wa kwanza, na jambo hilo lazima lisemwe unapoilinganisha na urea.

Gawa mbolea nyumbani kwa mizani ya kidijitali. TSP yote huwekwa wakati wa kupanda, kwa hiyo funga gramu 36 kwa kila mstari. Urea igawe mara mbili, wiki ya tatu na wiki ya sita, gramu 23.5 kwa kila mstari kila mara. Kizibo cha soda kinafaa kupimia shimo kwa shimo, lakini kijaze kwanza juu ya mizani ujue kinabeba gramu ngapi za mbolea uliyo nayo.

Hatua ya 6: Panda na tunza kwa usawa

Tumia mbegu ya aina moja iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kwa mfano Macia au Tegemeo. Tengeneza matuta kabla ya mvua za mwanzo, na vizuizi vya mifereji uviweke kila mita 1.2, vikiwa vifupi kidogo kuliko tuta lenyewe, ili mvua kubwa ikija maji yapite juu ya kizuizi na kufuata mfereji badala ya kulikata tuta. Panda ploti zote siku moja. Ikishindikana, maliza bloku nzima kabla ya kulala, usikate bloku katikati. Kanuni hiyo hiyo ifuatwe katika palizi, kupunguzia miche hadi miwili kwa shimo, na kuvuna.

Urea ifukiwe kwa kina cha sentimita 5, pembeni mwa shina, udongo ukiwa na unyevu. Ikiachwa juu, sehemu yake hupotea hewani ikiwa amonia. Kiduha, gugu linaloshika mizizi ya mtama, king'olewe na kuhesabiwa katika kila ploti, kwa kuwa hunyonya mtama na hupenda udongo uliochoka. Kuhusu kweleakwelea, vika masuke mifuko ya karatasi katika ploti zote au usivike popote.

Hatua ya 7: Pima mvua na unyevu wa udongo

Weka kipima mvua ndani ya shamba, mahali pa wazi, na ukisome kila siku saa 3 asubuhi. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 katika mita ya mraba. Usisubiri wiki iishe, kwa sababu kinachotafutwa hapa ni urefu wa vipindi vikavu kuliko jumla ya msimu. Milimita 550 zilizotawanyika vizuri zinalisha kijiji, na milimita hizo hizo zikija kwa mafungu matatu huwaacha watu wakinunua unga.

Kila baada ya siku 10, chukua udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 50 kutoka kila ploti, nje ya mistari minne ya kati. Upime, uukaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, uupime tena. Gramu 100 zikirudi 88, maji ni 12 gawanya kwa 88, yaani asilimia 13.6. Hii ni kazi ya kuchosha, na ndiyo itakayokuwezesha kusema kwamba matuta yalihifadhi maji, si kudhani.

Hatua ya 8: Soma dhiki kwenye mmea

Mtama una njia zake za kustahimili. Hufunga vitundu vya majani, huyapaka majani nta, huyakunja, na ukame ukiwa mkali kabla ya kuchanua unaweza kusimamisha ukuaji na kusubiri mvua. Hivyo jani lililojikunja saa 8 mchana si dalili ya maafa. Rudi shambani saa 12 alfajiri: likiwa limefunguka, mmea umepata maji usiku na uko salama, na likiwa bado limejikunja, udongo hauna tena cha kutoa. Toa alama 1 kwa jani lililo wazi hadi 5 kwa lililojikunja kama sigara, mimea 10 kwa kila ploti, nyakati zote mbili.

Ukiwa na mizani nyepesi, pima pia kiasi cha maji katika jani. Kata vipande vya jani adhuhuri, uvipime hapo hapo, uviache vielee juu ya maji kwa saa nne kwenye mwanga hafifu, uvifute na kuvipima, kisha uvikaushe kwa nyuzi 70 na kuvipima mara ya mwisho. Kwa uzito wa gramu 0.62, 0.80 na 0.20, toa 0.20 kwenye 0.62 upate 0.42, toa 0.20 kwenye 0.80 upate 0.60, na jibu ni asilimia 70.

Tofautisha pia rangi. Upungufu wa naitrojeni huanzia kwenye ncha ya jani la chini na kuingia ndani kwa kufuata mshipa wa kati, kama herufi V. Zambarau kwenye miche michanga huelekeza kwenye fosforasi. Andika siku ambayo nusu ya mimea ya kila ploti imechanua, kwa sababu ploti iliyochelewa ilikutana na ukame katika umri mwingine.

Hatua ya 9: Vuna eneo la ndani tu

Acha mstari mmoja kila upande na mashimo mawili kila mwisho. Utabaki na mistari 4 yenye mashimo 12, yaani mashimo 48 katika mita za mraba 10.8. Hesabu masuke, ukate, ukaushe, upure, upime nafaka na unyevu wake, kisha uzirudishe ploti zote kwenye unyevu wa asilimia 13. Kilo 2.4 zenye unyevu wa asilimia 18 huzidishwa kwa 82 na kugawanywa kwa 87, zikawa kilo 2.262. Zidisha kwa 10,000 na ugawe kwa 10.8: ni kilo 2,094 kwa hekta.

Hesabu punje 1,000 na uzipime. Kazi hii watu huiruka, nami naiona ya thamani kuliko kipimo chochote cha jani, kwa kuwa inaeleza ukame ulipiga lini. Suke lenye punje chache lakini nzito liliteseka kabla ya kuchanua au wakati wa kuchanua. Suke lililojaa punje nyepesi liliteseka baadaye, wakati wa kujaza.

Hatua ya 10: Hesabu, na msimu wa pili

Ingiza takwimu kwenye programu ya R, ambayo ni ya bure, na ufanye uchanganuzi wa tofauti ukiwa na bloku, ulimaji, urutubishaji, na mwingiliano wa hivyo viwili, yaani kama faida ya mbolea inabadilika kulingana na ulimaji. Utabaki na digrii huru 15 za makosa, yaani idadi ya taarifa huru zinazobaki za kupimia tofauti za bahati tu kati ya ploti. Mstari wa mwingiliano ndio wenye jibu la swali letu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mbolea imeongeza kilo 300 kwa hekta kwenye sesa na kilo 900 kwenye matuta. Tofauti hiyo ya kilo 600 ndiyo inayopimwa, na isipozidi makosa ya jaribio usiitangaze hata kama inapendeza machoni.

Msimu mmoja hautoshi. Mwaka wa mvua nyingi matuta yatakosa faida, na kwenye udongo mzito yanaweza hata kuuzamisha mtama. Rudia kwenye ploti zile zile, bila kupiga kura upya, ili uone samadi ya mwaka wa kwanza inavyoendelea kutoa. Vigingi vya mbao usivitegemee, maana Agosti vitakuwa vimeshakuwa kuni. Chagua alama mbili zisizohama, kama mbuyu na jiwe kubwa, upime kwa futi kamba umbali wa kila kona ya uwanja kutoka kwenye alama hizo, na uuandike kwa penseli kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.